Ng'ombe Pia Alikuwa na Kipande

Wasee, leo tunaongea kuhusu ng'ombe. Najua ulikuwa unangoja niseme kitu kuhusu siasa. Tulia, hii ni siasa, na iko kwa sahani yako.

Mimi ni mtu wa Waithaka. Kwa wale mnaodhani Nairobi inaishia Kawangware, sisi tuko mbele kidogo, upande wa kuelekea Dagoretti Market, kule kwenye machinjio. Ukiishi huku unazoea malori ya ng'ombe kama vile mtu wa Embakasi anavyozoea ndege. Pembe zinaonekana juu ya mbao, na harufu inakufikia kabla ya lori. Kuna yanayotoka Kajiado na Narok hapa karibu, na kuna yale ya Moyale, mpakani na Ethiopia, karibu kilomita 800.

Kila lori kati ya hayo linafaa kuwa na karatasi inayoitwa kibali cha kusafirisha mifugo. Inaenda hivi. Mwenye ng'ombe lazima kwanza aonyeshe kwamba ni wake, mara nyingi kwa barua ya chifu ama stakabadhi ya mnada. Halafu daktari wa mifugo wa serikali anawaangalia ng'ombe, anathibitisha kwamba eneo halina karantini, ndiyo anaandika kibali: ni wangapi, wanatoka wapi, wanaenda wapi, kwa gari gani, na karatasi itakufa lini. Kama hawaendi kuchinjwa bali kufugwa, ofisi ya kule wanakoenda pia inatakiwa kusema haina pingamizi. Na kwa kawaida safari inafaa kuwa ya mchana, kwa sababu usiku ni saa za wezi wa mifugo.

Ukisoma hivyo utasema, sawa, hiyo inaleta maana. Lakini ongea na watu wa biashara hii uone nyuso zao zikibadilika. Wengine watakwambia kibali ni njia tu ya karao kupata kitu kidogo kwa kila kizuizi barabarani. Wengine, hasa wale wenye shahada, watakujibu kwamba sheria ni sheria, na bila kibali tutakula ugonjwa. Kila mara lori likishikwa, kelele ni hizo hizo mbili.

Mimi nasema kila upande una nusu ya ukweli. Hiyo karatasi tangu izaliwe ilipewa kazi mbili: kuzuia ugonjwa, na kuzuia mtu. Hatujawahi kuzitenganisha. Na ndiyo maana mpaka leo mfugaji akiona daktari wa serikali anaona pia askari nyuma yake.

Turudi nyuma kidogo.

Kabla ya kibali chochote, huku kwetu Dagoretti kulikuwa mpaka. Upande mmoja mashamba na misitu ya Wakikuyu, upande mwingine mbuga za Wamaasai. Jina Nairobi lenyewe linatokana na maneno ya Kimaasai ya maji baridi, mahali pa kunyweshea mifugo. Walipigana, ndio, waliibiana ng'ombe, ndio. Lakini pia walioana na wakafanya biashara. Hata wakati wa vita, wanawake wa Kikuyu wangeweza kuvuka na vyakula kwenda kwa Wamaasai na kurudi na ngozi ama mifugo bila kuguswa. Kwa hivyo usikubali ile hadithi ya kwamba kabla ya mzungu hakukuwa na sheria za njia. Zilikuwepo. Tofauti ni kwamba zilikuwa makubaliano ya watu wanaojuana.

Halafu ikaja sotoka.

Sotoka ni ule ugonjwa wa ng'ombe ambao Waingereza waliuita rinderpest. Uliingia Afrika kupitia upande wa Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, na ng'ombe walioletwa na jeshi la Italia ndio wanaolaumiwa. Ndani ya miaka michache ulikuwa umeshuka mpaka huku kwetu. Sehemu nyingi zilipoteza karibu ng'ombe 9 kati ya 10. Wamaasai wanakiita kipindi hicho Emutai, yaani maangamizi. Ng'ombe walikufa, ndui ikafuata, njaa ikamaliza. Familia nyingi za Kimaasai zilikimbilia kwa Wakikuyu kutafuta chakula, na upande huu wa Dagoretti na Kiambu ulikuwa mojawapo ya milango hiyo.

Nataka hii ikukae akilini: ugonjwa wa mifugo ni kitu cha kweli na kinaua jamii nzima. Mtu akikuambia karantini ni utapeli mtupu, mwambie asome kuhusu Emutai.

Lakini sasa angalia vile Waingereza walikuja wakaitumia hiyo hofu.

Mwaka 1904 walitia sahihi mkataba na Wamaasai, Olonana akiwa kiongozi upande wao. Wamaasai waondoke Bonde la Ufa, walowezi wachukue. Wao wapewe maeneo mawili, moja Laikipia na lingine kusini. Na kwa sababu ukoo mmoja na mifugo yao sasa ungegawanywa sehemu mbili, mkataba uliahidi barabara ya kuunganisha maeneo hayo, upana wa nusu maili, yaani kama mita 800, ng'ombe wapite na wapate maji. Mita mia nane! Thika Superhighway haifiki hapo hata kidogo. Na mkataba wote ulisemekana utadumu muda wote Wamaasai wataendelea kuwepo duniani.

Ile barabara haikuwahi kufanya kazi kama ilivyoahidiwa. Walowezi walilalamika kwamba ng'ombe wa Wamaasai watapitisha magonjwa kando ya mashamba yao, na karantini zikawa ukuta. Na mkataba wa milele? Ulidumu miaka 7. Mwaka 1911 ukaandikwa mwingine, na Wamaasai wa Laikipia wakahamishwa kwa lazima na mifugo yao yote kwenda kusini. Kwa hivyo ng'ombe wale wale waliokuwa hatari kupita karibu na shamba la mlowezi hawakuwa hatari tena ilipofika wakati wa kuwaondoa ili mlowezi apate shamba. Wamaasai walienda kortini mwaka 1913. Korti ikasema huo ni mkataba wa kati ya mataifa, kwa hivyo yenyewe haina uwezo wa kusikiza kesi. Umeelewa hiyo ujanja? Wakati wa kuchukua ardhi, wewe ni raia wa kutawaliwa. Ukienda kushtaki, ghafla wewe ni nchi ya kigeni.

Miaka iliyofuata, maeneo ya Waafrika yalikaa chini ya karantini kwa muda mrefu sana, hasa Umaasaini na Ukambani. Ng'ombe hawakuruhusiwa kutoka kwenda sokoni. Magonjwa yalikuwepo kweli: homa ya mapafu, ndigana, sotoka. Lakini karantini hiyo hiyo ilimfaa mlowezi ambaye hakutaka ushindani kwenye soko la nyama na maziwa. Mfugaji mwenye ng'ombe 200 asiyeweza kuwauza si tajiri. Ni mlinzi wa ng'ombe tu.

Na si ng'ombe peke yake aliyewekewa karatasi. Mwaka 1915 ilipitishwa sheria ya kuwasajili Waafrika, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutekelezwa. Mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alipaswa kubeba kipande, karatasi ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Imeandikwa jina lako, unatoka wapi, umeandikwa kazi na nani, umeachishwa lini. Ukishikwa bila hiyo, unalala ndani. Wazee wetu walikiita mbugi. Kama unajua Kikuyu unajua mbugi ni nini: ni kengele ya mbuzi.

Yaani waliona wenyewe. Hawakuhitaji profesa wa kuwaelezea kwamba wamefanywa mifugo. Leo ukiulizwa ID unaambiwa "toa kipande" na hata hushtuki. Neno lilibaki, kikopo kikaenda.

Weka hizo karatasi mbili kando kwa kando. Kipande kinasema mtu huyu ni wa nani, anatoka wapi, anaenda wapi, mpaka lini. Kibali cha ng'ombe kinasema ng'ombe huyu ni wa nani, anatoka wapi, anaenda wapi, mpaka lini. Ni serikali moja, na ni swali moja: nani amekuruhusu kutembea?

Sasa twende tao. Bila shaka umewahi kupita Muindi Mbingu Street. Iko pale Jeevanjee, inapita City Market, mahali watu wananunua nyama na samaki. Wengi wetu tunajua hiyo barabara kwa sababu ya maduka ya simu na mahali pa kukutana na watu wa mtandaoni mchana kweupe. Muindi Mbingu alikuwa nani?

Mwaka 1938 serikali iliamua Wakamba wana ng'ombe wengi kupita kiasi na udongo unaharibika. Mmomonyoko ulikuwepo, siwezi kukataa. Lakini hakuna aliyesema kwa sauti kwamba Wakamba walibanwa kwenye eneo dogo, na kwamba karantini zilikuwa zimewazuia kuuza kwa miaka. Unamfungia mtu mlango, halafu unamshtaki kwa kujaza nyumba. Mwaka huo huo kampuni ya Liebig ilifungua kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda kinahitaji ng'ombe. Basi ng'ombe wa Wakamba wakaanza kukamatwa na kuuzwa kwa lazima, kwa bei ya chini.

Wakamba walikataa. Waliunda chama, Ukamba Members Association, na Julai 1938 wakatembea kutoka Machakos mpaka Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, wakisema wanataka kuonana na gavana, Brooke-Popham. Walipiga kambi wiki kadhaa. Hawakuwa na silaha. Muindi Mbingu, mmoja wa viongozi wao, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini serikali ikarudi nyuma. Ikaacha ule mpango wa kupunguza mifugo kwa nguvu.

Kwa hivyo kabla ya vuguvugu zote tunazozisoma za miaka ya 1950, kulikuwa na maandamano makubwa Nairobi, na chanzo chake kilikuwa ng'ombe. Na barabara yenye jina la mtu aliyepelekwa uhamishoni kwa sababu hiyo ndiyo inapita mbele ya soko la nyama. Sijui kama aliyepanga hivyo alifikiria, lakini mimi kila nikipita hapo nacheka peke yangu kama mwehu.

Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, serikali ilichukua mifugo ya vijiji vya Mkoa wa Kati kama adhabu ya pamoja. Mtu mmoja akishukiwa, ng'ombe wa kijiji wanaenda. Wakikuyu, Waembu na Wameru nao wakapewa vitabu vya kupitia. Waithaka wakati huo haikuwa Nairobi, iliingizwa ndani ya mipaka ya jiji mwaka 1963. Tukapata uhuru na jiji mwaka mmoja.

Na sheria za mifugo? Tulizirithi. Leo tuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, lakini uti wa mgongo wake ni ule wa zamani: ofisa anaweza kufunga eneo, na hakuna mnyama anayetoka bila karatasi yake.

Sasa nisikize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wataniacha. Mimi sisemi tufute kibali.

Ukikaa Waithaka umezungukwa na sababu za kibali. Upande wa juu kuna Kabete, ambako wanasayansi wa maabara ya mifugo walieleza homa ya Bonde la Ufa mwaka 1931, baada ya kondoo kufa kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha. Kuna hata ugonjwa wenye jina letu, ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, uliogunduliwa miaka ya 1910. Huo unaletwa na kupe, na unawapiga zaidi wanyama wanaoletwa kutoka maeneo yasiyo na ugonjwa huo. Yaani kosa la yule kondoo ni kusafiri tu.

Na homa ya Bonde la Ufa haikubaki kwa kondoo. Mwisho wa 2006 mvua kubwa ilinyesha kaskazini mashariki, mbu wakajaa, na kufikia Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, na 155 kati yao walikufa. Watu, si ng'ombe. Masoko ya mifugo kama Garissa yalifungwa, na hapa Nairobi watu wakaogopa nyama nyekundu, bucha zikakaa nzi tu. Wakati kama huo unataka mtu ajue lori limetoka wapi. Unataka sana.

Kwa hivyo swali si kama tuwe na kibali ama tusiwe nacho. Swali ni kibali kinamtumikia nani.

Jibu bora nililonalo linatoka kwa sotoka yenyewe. Ugonjwa ulioua ng'ombe 9 kati ya 10 leo haupo duniani. Ng'ombe wa mwisho wa hadithi hii hata hakuwa ng'ombe, alikuwa nyati: kisa cha mwisho kuthibitishwa kilikuwa Meru National Park, hapa Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia ikatangaza umeisha. Ni ugonjwa wa pili katika historia kufutwa kabisa, baada ya ndui.

Uliisha vipi? Chanjo iliyofanya kazi ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake Muguga, hapo mbele ya Kikuyu. Ukipanda matatu saa hii utakuwa umefika kabla hujamaliza bando. Lakini chanjo hiyo ilitaka baridi, na maeneo ya wafugaji hayana friji. Baadaye likaja toleo linalovumilia joto. Na kisha ikafanyika kitu ambacho serikali za kikoloni hazikuwahi kufanya: mahali kama Karamoja na Sudan kusini, wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja. Wao ndio walijua mifugo iko wapi na nani amehamia wapi, na waliona mnyama mgonjwa kabla ya ofisa yeyote. Miaka mingi ya vizuizi na karantini haikuua sotoka. Ilikufa mfugaji alipoacha kuwa mshukiwa na kuwa mshirika.

Hiyo ndiyo historia ninayotaka watu wa sheria-ni-sheria waisome.

Sababu tazama leo. Katiba ya 2010 iliacha sera ya mifugo kwa serikali kuu, lakini udhibiti wa magonjwa, minada na machinjio ukaenda kwa kaunti. Wazo zuri, daktari awe karibu. Lakini lori la kutoka Moyale linapita Marsabit, Isiolo, Nyeri, Murang'a, Kiambu, na mengine katikati, na ushuru na vizuizi viko njiani. Hakuna daktari kwa kizuizi. Hakuna anayempima ng'ombe joto. Karatasi inaangaliwa, na kama iko sawa itatafutwa kosa lingine: wamebanana, jua limezama, sahihi haionekani. Kila saa lori limesimama ng'ombe wanakonda, na kila noti inayotoka dirishani utailipa wewe ukinunua nusu kilo.

Na mbaya zaidi, kibali kinachonunuliwa hakizuii ugonjwa. Kama hela inaweza kupitisha lori bila karatasi, basi inaweza kupitisha lori lenye ugonjwa. Yule karao hajatuibia pesa tu, ametuibia ile kazi moja nzuri ya kibali.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kibali kimoja, malipo mara moja, pale ng'ombe anapotoka, na kiwe kwa simu ambapo yeyote anaweza kukihakikisha. Anayesimamisha lori kwa sababu ya ugonjwa awe mtu wa kupima ugonjwa. Na karantini ikiwekwa, watu waambiwe ni ya ugonjwa gani na itaangaliwa tena lini, kwa sababu karantini isiyo na mwisho tulishaiona, na tunajua ilikuwa ya nani. Wakati wa ukame kama ule wa 2017, Wamaasai wakileta ng'ombe mpaka Lang'ata na sisi tunapiga picha za kuchekesha, kumbuka ni watu ambao waliahidiwa njia ya mita 800.

Ukiona lori la ng'ombe kesho, usiulize tu kama dereva ana kibali. Uliza pia hicho kibali kinatafuta nini: ugonjwa ama mtu. Mzee wako akikuambia alivaa mbugi, hatakuwa anaongea mafumbo.

Niambieni mnaonaje. Na mkikutana Muindi Mbingu Street, sasa mnajua ni nani.